Mgambo wa Saa Kumi

Wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu sasa, habari za Vita vya Kagera kwa kawaida huanzia Kyaka na kuishia Kampala. Mimi naomba nianzie nyuma ya jiko la shule yetu, hapa Singida.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Obote, ulitaka ulinzi uwe kazi ya umma, si ya wanajeshi peke yao. Ndipo mgambo wakaenea vijijini, viwandani na maofisini. Kwetu, mgambo alikuwa mpishi. Mchana alisonga ugali. Saa kumi alasiri alikwenda kucheza kwata uwanjani pamoja na karani, seremala na walimu wawili, kila mmoja na gongo lililochongwa mfano wa bunduki. Tuliwacheka. Aliyecheka zaidi nilikuwa mimi, nikanyimwa ukoko wiki nzima.

Tarehe 2 Novemba 1978 tuliizunguka redio kumsikiliza Mwalimu Nyerere. Majeshi ya nduli yalikuwa yamevamia nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Kicheko kikaisha. Mgambo wetu wakawa wanakesha kwenye ghala na tangi la maji, na upepo wa Singida mnaujua. Asubuhi kila mtu kazini kwake. Mpishi alisinzia penye moto, ugali ukaungua mara mbili. Hakuna aliyenung'unika.

Jeshi lilipanuliwa upesi kwa vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo, ambao hukadiriwa walifika 40,000 hivi. Mwanzoni mwa 1979 mpishi naye akaitwa. Alimkabidhi kiranja mwiko, akapanda lori. Tangu siku hiyo tulipika kwa zamu, vibaya sana.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mpishi hakurudi.

Ubao wa kumbukumbu bwaloni umeandikwa wanafunzi na walimu waliokwenda vitani. Yeye hayumo. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa ubao ni wa wahitimu na walimu tu. Sikubali. Nimeomba jambo hili liwe katika ajenda za mkutano wetu wa mwaka huu, na fundi wa kuandika jina nitamlipa mimi.