Buseresere, Kitimoto na Swali Ambalo Halikuulizwa

Mnamo Februari 2013, mkoa wa Geita ukiwa haujatimiza hata mwaka mmoja tangu uundwe, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja mnyama wa kuuzwa buchani uligeuka umwagaji damu katika mji mdogo wa Buseresere, wilayani Chato. Mchungaji mmoja wa kanisa la Kipentekoste aliuawa. Mwezi Aprili mwaka huohuo mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, nao ukaingia katika ghasia kwa sababu ileile. Wengi wa wanafunzi ninaowafundisha leo walikuwa watoto wadogo wakati huo, na nikilitaja jina la Buseresere darasani wachache tu hulitambua. Ni usahaulifu wa hatari.

Kwa wasiokumbuka, ugomvi ulihusu mazoea. Kwa miaka mingi huku bara, mnyama wa kuuzwa hadharani amekuwa akichinjwa na Mwislamu ili kila mtu aweze kula bila shaka moyoni. Hakuna sheria ya Bunge iliyoamuru hivyo. Ni maafikiano ya kijirani ambayo yalidumu kwa sababu yalikuwa na manufaa. Wakristo waliotaka kuchinja na kufungua bucha zao walisema hawafungwi na desturi isiyoandikwa popote. Viongozi wa Serikali waliofika Kanda ya Ziwa kutuliza mambo walihimiza mazoea ya zamani yaheshimiwe, jambo lililowaridhisha baadhi na kuwaudhi wengine. Mjadala mzima, mitaani hata bungeni, ulikuwa juu ya mkono unaoshika kisu.

Ugomvi huo ulikuwa wa ng'ombe na mbuzi. Nguruwe hakuhusika, kwa sababu ya wazi kwamba hakuna aliyewahi kumtaka Mwislamu amchinje. Kwa hiyo mnyama huyu alibaki nje ya maafikiano, nje ya mjadala na, hili ndilo linalonisumbua, mara nyingi nje ya machinjio. Ng'ombe ana karo lake, ana mkaguzi, ana mhuri. Nguruwe katika miji yetu mingi midogo huchinjwa nyuma ya nyumba au nyuma ya baa, alfajiri, na ifikapo jioni ameshakwisha.

Hali hii ina historia. Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam, watu wakakamatwa, wakiwamo viongozi wa jumuiya ya BALUKTA. Rais Ali Hassan Mwinyi, mwenyewe Mwislamu, alisimamia msimamo kwamba kila mmoja ale kile ambacho dini yake inamruhusu. Jina la kitimoto, kwa maelezo yanayosikika zaidi, linatokana na hali ya mlaji wa enzi hizo aliyekaa kama aliyekalia kaa la moto, tayari kuinuka na kukimbia. Jina likapendwa, likaandikwa kwenye vibao vya baa kuanzia Dar es Salaam hadi Katoro, na ule wasiwasi uliolizaa ukageuka mzaha. Lakini tabia ya kujificha ilibaki, si kwa mlaji tena, bali kwa ofisi za umma, ambazo ziliona ni busara kutoligusa jambo lenye harufu ya dini.

Niongeze hapa kwamba wanaoligeuza suala hili kuwa la Waislamu dhidi ya Wakristo hawaijui Kanda ya Ziwa. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi huku, hawali nguruwe, na wanaisoma sura ya 11 ya Mambo ya Walawi kwa uzito uleule ambao jirani yao anaisoma Kurani. Hakuna atakayedhurika kwa kuacha nyama hii. Dagaa wa Ziwa Victoria na maharage vimelea vizazi vingi. Hoja yangu ni kwa wale wanaokula, na wanaokula ni wengi.

Je, wanakula nini hasa? Mnofu wa nguruwe usio na mafuta, hasa ule mwembamba wa mgongoni, ukiokwa bila kuongezwa mafuta, una takribani gramu 26 za protini katika gramu 100, mafuta yasiyofika gramu 4, na nishati ya kilokalori 143 hivi. Nyama ya ng'ombe inaushinda kwa madini ya chuma. Lakini kwa vitamini B1, yaani thiamini, nguruwe hana mpinzani buchani: gramu 100 hizo zina karibu miligramu 0.9, wakati mwanamume mzima anahitaji miligramu 1.2 kwa siku. Nyama ya ng'ombe ina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ukosefu wa thiamini ndio uliowaua watu wa Asia waliokula mchele uliokobolewa mno, na uchunguzi wa daktari Mholanzi Christiaan Eijkman kule Java ndio uliofungua njia ya kulielewa hilo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu anayeshinda duarani, akila ugali wa sembe nyeupe au wa muhogo asubuhi na jioni, hayuko mbali sana na mlaji yule wa mchele mweupe. Katika nchi ambayo utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, chanzo chochote cha protini kinachofugika uani kwa pumba na mabaki ya jikoni si cha kudharauliwa.

Hayo yote ni ya mnofu. Kitimoto inayoliwa hukaangwa katika mafuta yake yenyewe, na sifa nilizozitaja hupungua kadiri sufuria inavyong'aa.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu hupata mbegu za tegu misulini. Utafiti uliofanywa wilayani Mbulu na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta nguruwe wapatao 17 kati ya 100 wakiwa nazo, kwa kuwapapasa ulimi tu. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka kwa kinyesi chake, yakaingia katika maji, mboga au mikono michafu, na anayeyameza anaweza kupata uvimbe wa mbegu hizo ubongoni, kisha kifafa. Huyo si lazima awe mlaji wa nguruwe. Anaweza kuwa imamu, anaweza kuwa mzee wa kanisa la Kisabato, anaweza kuwa mtoto anyonyaye aliyelishwa uji na mikono isiyonawa. Basi ukaguzi wa nguruwe ni jambo la raia wote, na ofisi ya umma inayoukwepa kwa kuheshimu hisia za wasiokula inawaacha haohao bila kinga.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na ipo Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006. Tulikuwa na utamaduni wa kuzungumza na wananchi juu ya chakula bila haya: Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, mwaka ambao kampeni ya Mtu ni Afya ilizihimiza kaya kuchimba vyoo, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Choo, kwa taarifa ya wasomaji vijana, ndicho adui mkubwa kuliko wote wa tegu. Kampeni ya 1973 ilifanya kwa ajili ya usalama wa nyama hii kazi ambayo haikuikusudia.

Katoro na Buseresere ni miji iliyoshikana. Mmoja uko wilaya ya Geita, mwingine Chato, na mgeni anaweza kuvuka kutoka huu hadi ule bila kujua. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aende katika ofisi za mifugo za pande zote mbili, aombe daftari za ukaguzi wa nyama za kuanzia mwaka 2013, ahesabu ng'ombe waliopigwa mhuri, ahesabu na nguruwe. Kisha jioni azunguke na kuhesabu majiko ya kitimoto. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ningependa kuisoma.