Vitafunio vya "kabla ya pombe": ukweli wake na hukumu yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Zipo bidhaa zinazotengenezwa makusudi zitumiwe kabla mtu hajanywa pombe. Marekani iliuzwa kashata ya protini iitwayo SOBAR. Japani kinywaji cha manjano kiitwacho Ukon no Chikara kimo madukani tangu mwaka 2004. Uingereza vidonge vya Myrkl vilianza kuuzwa mwaka 2022. Maneno ya biashara yanakaribiana: tumia hiki kwanza, pombe isikusumbue. Leo bidhaa huagizwa kwa simu na kufika bandarini, kwa hiyo tumeona ni vyema familia zetu za visiwani zijue jambo hili kabla halijabisha hodi.

Zinafanya nini tumboni?

Pombe haingii sana katika damu ikiwa bado tumboni. Hufyonzwa kwa kasi inapofika kwenye utumbo mwembamba. Tumbo likiwa na chakula, hasa chenye mafuta na protini, hukawia kumwaga kilichomo, na pombe huingia kwenye damu polepole. Hilo ni kweli, na sahani ya wali kwa samaki hufanya vivyo hivyo.

Lakini kukawia si kuondoka. Pombe nyingi bado huingia mwilini, na ini huivunja kwa mwendo wake. Kahawa, maji baridi au kuoga havilihimizi. Hatari ni kuwa mtu akijiona mzima huongeza kinywaji, kisha akapanda pikipiki au kushika usukani.

Hukumu ya kukila

Asili ya chakula ni halali. Kashata ya karanga, shayiri na asali haiwi haramu kwa sababu ya maandishi ya pakiti tu. Asiyekunywa pombe akiila kwa njaa hana dhambi, madhali viungo vyake ni safi. Asome viungo hivyo: jelatini ya nguruwe haifai.

Ama anayeila ili anywe pombe, hapo nia imebadilisha jambo, kwani njia ya kuendea haramu hufuata hukumu ya haramu. Wala asijidanganye kuwa asipolewa hana dhambi. Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amebainisha kuwa kitu kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Katazo la Suratul Maida, Aya ya 90, ni la kukiepuka chenyewe, wala halikungoja mtu apepesuke.

Hukumu ya kukiuza: mfano wa korosho ya Mzenga

Chukua mfano wa Mzenga, kata ya wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, inakopita reli ya TAZARA. Huko Uzaramo Waislamu ni wengi, na korosho ni miongoni mwa mazao ya biashara. Korosho hiyo hiyo huliwa nyumbani kwa chai, hutiwa kwenye halua, na huwekwa kwenye kisahani mbele ya mnywaji wa bia. Je, mkulima ana dhambi?

Wanavyuoni walikwishalizungumza jambo hili katika suala la kumuuzia zabibu mtengeneza mvinyo. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu, muuzaji akijua kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu kuwa mnunuzi ataitumia katika haramu, kuuza ni haramu. Akishuku tu, ni makuruhu. Asipojua lolote, biashara yake ni halali.

Kwa hiyo mkulima anayeuza gunia lake sokoni au kwenye chama cha ushirika hana lawama. Anayepeleka pakiti baa, akijua zinaliwa pamoja na pombe, ajitenge na biashara hiyo. Na kashata iliyoandikwa kuwa ni ya kula kabla ya pombe iko wazi zaidi, maana mtengenezaji mwenyewe amekwishataja kazi yake. Kuiagiza, kuitangaza na kuiuza kwa kazi hiyo kunaingia katika kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida, Aya ya 2.

Nasaha kwa wazazi

Ukikuta pakiti ya namna hii katika begi la mwanao aliyerudi masomoni au kazini bara, usianze na tuhuma. Suratul Hujurat, Aya ya 12, inatukataza dhana mbaya. Huenda alinunua kwa njaa bila kusoma. Muulize kwa upole, faraghani, si mbele ya wadogo zake. Akikiri kuwa ameingia katika ulevi, mlango wa toba uko wazi: aache, ajute, aazimie kutorudia. Usimfukuze, kwani nje ndiko waliko wanaomsubiri.

Wafundisheni watoto pia kwamba kinga ya pombe haiuzwi dukani. Kinga ni kutoionja na kutokaa katika meza inapopitishwa.

Allah atuhifadhi sisi na vizazi vyetu. Wallahu a'lam.