Dikulushi: Shaba ya Kundelungu na Deni la Kilwa

Dikulushi ni mgodi wa shaba na fedha katika uwanda wa juu wa Kundelungu, mkoa wa Haut-Katanga, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uko kilomita zipatazo 50 kaskazini ya Kilwa, mji mdogo wa wavuvi kando ya Ziwa Mweru, ambao haupaswi kuchanganywa na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Oktoba 2024 ilitimia miaka 20 tangu mauaji ya Kilwa yaliyoufanya mgodi huo ujulikane duniani.

Shaba ya miji ya migodi ya Kolwezi na Likasi imelala katika matabaka ya miamba pamoja na kobalti. Ya Dikulushi, kinyume chake, imejaa katika mipasuko ya miamba, na wanajiolojia waliochunguza mawe yake wanaeleza kwamba iliingia kwa awamu mbili. Ya kwanza ilitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, safu ya milima iitwayo Lufilian ilipokuwa ikikunjwa: maji ya moto yenye chumvi nyingi yalipita katika mipasuko na kuacha humo shaba, risasi, zinki na chuma, vyote vikiwa vimeshikana na salfa. Baadaye sana, mikunjo ilipokwisha kutulia, maji ya joto la chini yaliyeyusha sehemu ya juu ya mbale hizo na kuzijenga upya kuwa kalkosaiti nzito (madini ya shaba na salfa) iliyobeba fedha. Kwa hiyo mahali pengine Kundelungu panapoonekana kalkosaiti ya aina hii juu ya ardhi, huenda chini yake kuna mbale za awamu ya kwanza. Ni maarifa yenye thamani kubwa, na yangestahili kufundishwa kwanza kwa vijana wa Kilwa.

Kampuni ya Anvil Mining ilianza uzalishaji mwaka 2002, vita vya Kongo vikiwa havijamalizika. Mbale zilikuwa na karibu asilimia 8 ya shaba, kiwango cha juu mno. Makinikia yalipelekwa Kilwa kwa malori, yakavushwa ziwani hadi Nchelenge, Zambia, kisha yakaendelea kusini kwa barabara. Bandari ya Kilwa ikawa koo la mgodi mzima.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi wenye silaha chache kiliuteka mji wa Kilwa. Wakazi wengi walikimbia, baadhi yao kwa mitumbwi. Siku iliyofuata jeshi la serikali liliurudisha mji mikononi mwake, kisha likaanza msako wa nyumba kwa nyumba. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 73 waliokufa, na kati yao wasiopungua 28 waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Wanajeshi walitumia magari ya kampuni na ndege iliyokodiwa nayo. Kampuni ilisema kwamba jeshi liliagiza na haikuwa na njia ya kukataa. Wafiwa wakauliza kwa nini vyombo vya kubebea shaba vilibeba askari na, kwa mujibu wa mashahidi, maiti pia.

Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi wa kampuni walioshtakiwa, na hakuna mwanajeshi aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya Kilwa. Kesi iliyopelekwa Kanada ilikwama kwa sababu mahakama ya rufaa ya huko iliamua kwamba hakukuwa na mamlaka ya kuisikiliza.

Mgodi wenyewe ulisimama mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilipoporomoka, ukauzwa kwa Mawson West mwaka 2010, ukafanya kazi kwa miaka michache, ukasimama tena.

Mwaka 2017 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ya Kongo ilikiuka haki za watu wa Kilwa, iwalipe waathirika wanane waliotajwa na familia zao dola milioni 2.5, iwatafute waathirika wengine na iwashtaki wahusika. Miaka kadhaa baadaye fidia hiyo ilikuwa bado haijalipwa. Ni aibu kwa taifa ambalo shaba yake ilivuka ziwa hilo hilo kwa maelfu ya tani.