Sekunde 60 za sauti ya bibi: kompyuta za zamani zinavyokabidhi zamu kwa za leo

SEHEMU YA 1: KIKABATI

Leo naomba tuweke pembeni homa na uji wa mtoto. Nina jambo la nyumbani kwangu, na naamini liko na kwako.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka 9 alikuwa anaandika kazi ya shule kwenye laptop yangu. Nikamwambia, "Ukimaliza, bonyeza pale juu uhifadhi." Akaniuliza, "Pale penye kikabati?"

Nikacheka sana. Baadaye nikanyamaza. Kile "kikabati" ni picha ya disketi, na mtoto wangu hajawahi kuiona disketi maishani mwake. Mimi ninazo 11, zimekaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati la nguo. Moja imeandikwa kwa mwandiko wa kaka yangu: "Mama, 2003".

Ndani yake kuna sauti ya marehemu mama yetu akimbembeleza mzaliwa wangu wa kwanza. Kaka alimrekodi kwa kompyuta ya kazini na maikrofoni ya bei rahisi. Programu ya kurekodi iliyokuja na Windows enzi hizo ilikuwa inajizima yenyewe baada ya sekunde 60, kwa hiyo tuna dakika moja tu. Hatuna sauti yake nyingine popote. Na tangu kompyuta yetu ya zamani ife, hatujaisikia kwa miaka 15.

Sisi manesi tuna kitu kinaitwa kukabidhi zamu. Unayetoka unamweleza anayeingia: kitanda namba 4 ameshapata dawa, namba 7 anasubiri majibu. Usiposema, mgonjwa ndiye anayeumia. Kompyuta nazo ziko hivyo hivyo. Kila kizazi kinatakiwa kukabidhi kwa kinachofuata, na kisipokabidhi, kilichomo ndani kinapotea hata kama hakijaharibika.

SEHEMU YA 2: DISKETI ILITOKA WAPI

Disketi za kwanza ziliuzwa na IBM ya Marekani mwaka 1971. Zilikuwa pana kama sahani ya chakula, inchi 8, na zilibeba kilobaiti 80 hivi. Kazi yake ilikuwa kupeleka maelekezo kwenye kompyuta kubwa za ofisini. Mwaka 1976 ikaja ya inchi 5.25, ile laini inayopinda. Mwaka 1981 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa ile ngumu ya inchi 3.5, ambayo wengi wetu tuliikuta chuoni. Kufikia 1987 ilikuwa inabeba megabaiti 1.44.

Ni kidogo kiasi gani? Picha moja ya simu yako ya leo mara nyingi haiingii humo. Lakini wimbo wa mama, dakika moja ya sauti ya kawaida, uliingia na nafasi ikabaki!

Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na tundu la disketi. Watu walilalamika kwelikweli. Flashi zikaja, na mwaka 2011 Sony wakaacha kuuza disketi. Yaani ndani ya miaka 40 kitu kilizaliwa, kikaenea dunia nzima, kikaondoka. Kilichobaki ni kile kikabati kwenye skrini.

SEHEMU YA 3: WATOTO WA UINGEREZA WALIOANDIKA KITABU KISICHOSOMEKA

Msidhani haya ni ya sisi wa makopo ya biskuti peke yetu.

Mwaka 1086 mashamba, mifugo na watu wa Uingereza waliorodheshwa kwa amri ya mfalme William. Kitabu hicho kinaitwa Domesday. Kiliandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na hadi leo kipo na kinasomeka.

Mwaka 1986, kilipotimiza miaka 900, BBC wakaamua kutengeneza kipya cha kompyuta. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule. Waliandika kuhusu vijiji vyao, wanakula nini, wanacheza nini, na wakapiga picha. Yote yakawekwa kwenye santuri kubwa zinazosomwa kwa mwanga wa leza, na zilihitaji kompyuta maalumu ya BBC pamoja na mashine yake ya kuchezea. Bei ikawa maelfu ya pauni, shule nyingi zikashindwa kununua.

Haikupita miaka 20, mashine za kusoma santuri zile zikawa adimu. Cha miaka 900 kinasomeka, cha miaka 15 ni mtihani! Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha njia: waliandika programu inayoifanya kompyuta ya kisasa ijifanye ile ya zamani, ili yaliyomo yafunguke tena. Mwaka 2011 BBC wakaweka maandishi na picha za watoto wale kwenye intaneti. Wakati huo watoto wenyewe walikuwa watu wazima, wengine wazazi.

SEHEMU YA 4: TUNACHOKIKUMBUKA, NA MLANGO TUNAOPASWA KUUFUNGA

Nikiri jambo. Nikiona picha ya skrini ya Windows 98, ile rangi ya kijivu na vitufe vilivyotuna kama vinabonyezeka kweli, moyo unalainika. Unakumbuka karata za Solitaire usiku wa zamu? Karata zile zilichorwa na mama mmoja wa Marekani, Susan Kare. Ndiye aliyechora pia alama za Macintosh ya mwaka 1984, ikiwemo ile kompyuta ndogo inayotabasamu. Alianza na karatasi ya hesabu ya miraba, anajaza mraba mmoja mmoja, kama sisi tunavyohesabu mishono ya kufuma. Solitaire yenyewe ilipokuja na Windows mwaka 1990, iliwazoesha watu kushika na kuburuta vitu kwa kipanya bila kujua kwamba wako darasani.

Kwa hiyo kuyapenda ya zamani si ushamba. Ila kuna upande wa pili, na huu unanigusa kama nesi.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta nchi nyingi na kudai fedha. Hospitali za umma za Uingereza ziliumia vibaya. Magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine, na inakadiriwa miadi 19,000 ilifutwa. Kilipitia wapi? Kwenye njia ya zamani ya kompyuta kushirikiana mafaili kwa mtandao, ambayo mizizi yake ni miaka ya 1980. Marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo huo. Kompyuta nyingi hazikuwa "zimechanjwa". Ndiyo maana Windows za leo kwa kawaida huja na njia hiyo imezimwa, na kompyuta yako mpya ikikataa kuongea na ya zamani, mara nyingi sababu ni hiyo. Msiwashe njia hiyo kwa sababu tu mnataka picha haraka. Toeni picha kwa njia nyingine.

SEHEMU YA 5: TULIVYOITOA SAUTI

Basi, nilienda kwa fundi mtaani kwetu. Alikuwa na kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwenye USB. Nawaachia aliyonifundisha:

1. Kwenye kona ya disketi kuna kitelezi kidogo. Kisogeze tundu libaki wazi. Hapo kompyuta inasoma tu, haiwezi kufuta.
2. Kompyuta ikiuliza kama ifomati disketi, sema HAPANA. Kufomati ni kufuta.
3. Ikigoma mara ya kwanza, itoe, irudishe. Yetu iligoma mara mbili.
4. Nakili kwanza, pima virusi, ndipo ufungue.
5. Kompyuta ya zamani ikiwaka, usiiunganishe na intaneti. Mpe fundi atoe diski yake kuu aisome kwa waya wa kuunganishia.
6. Hati ikifunguka ikiwa herufi za ajabu ajabu, jaribu LibreOffice. Ni ya bure na inasoma hati nyingi za zamani.
7. Weka nakala tatu, na moja isikae nyumba hiyo hiyo. Moto na mafuriko havichagui.

Disketi 3 kati ya 11 hazikusoma kabisa. Ya mama ilisoma. Faili la sauti la mwaka 2003 likafunguka kwenye laptop ya leo bila shida, kana kwamba lilihifadhiwa jana.

Binti yangu alimsikia bibi yake kwa mara ya kwanza. Kaka yake, yule aliyekuwa anabembelezwa, yuko chuo mkoani. Nikamtumia kwa simu. Akapiga muda huo huo: "Mama, inakatika katikati."

Nikamwambia ndivyo ilivyo, ni sekunde 60 tu.

Akasema, "Malizia wewe basi."

Nikamalizia, nikiwa nimesimama pale dukani kwa fundi.

Mama mwenzangu, kesho shusha kopo lako la biskuti. Usisubiri likizo, disketi haziongezeki afya zikikaa. Ukikwama, niandikie hapo chini, nitamuuliza fundi.