Manamba

Manamba ni namba iliyopachikwa kiambishi cha wingi, ma-, ikawa jina la watu. Katika mashamba ya mkonge ya Kilosa, kama ya Kimamba na Rudewa, kibarua aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali alitambulika kwa namba. Jina la baba lilibaki kijijini. Mkononi alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama. Kilichomsukuma mara nyingi ni kodi, iliyoanza na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1890. Manamba alikata mkonge ili ailipe. Umbo la neno halibadiliki: manamba mmoja, manamba mia.