Bingwa, Ndugu Wawili na Mirija ya Hewa: Kuisoma Upya Safari ya Robby Naish

Mwaka 1998 Robby Naish alikuwa na miaka 35 na vikombe vya kutosha kujaza sebule. Kwa mwanamichezo wa kulipwa, huo ndio umri ambao waandishi huanza kuuliza swali moja tu: unastaafu lini? Jamaa akawajibu kwa vitendo. Aliingia kwenye mchezo mwingine, mchanga mno, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa slalom. Mwaka uliofuata akalichukua tena taji hilo na kuongeza la kuruka.

Mchezo wenyewe ni kaitibodi. Mtu anasimama juu ya ubao baharini, kiunoni amefunga mkanda wenye ndoano, na tiara kubwa iliyoshikiliwa na nyuzi za mita 20 na ushei inamvuta. Upepo ukikaa vizuri anakwenda kasi kuliko mashua nyingi za tanga, na akitaka anaruka hewani kimo cha nyumba ya ghorofa.

Habari za Naish mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kipaji, na kweli kipaji kipo. Alizaliwa California mwaka 1963, akakulia Kailua, kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii. Baba yake, Rick, alikuwa mwalimu na vilevile fundi wa kutengeneza mbao za kutelezea mawimbini. Mwaka 1976, akiwa na miaka 13, mtoto huyo alikwenda Bahamas na kurudi na ubingwa wa dunia wa ubao wa tanga. Aliutetea hadi 1979. Mchezo ulipoanza kuwa na fedha za maana, akatawala tena mfululizo kuanzia 1983 hadi 1987. Tanga lake lenye namba US-1111 lilijulikana na kila aliyefuatilia mchezo huo.

Hadi hapo, msomaji, ni hadithi tuliyoizoea: mtoto wa ajabu, baba mwenye karakana, bahari mbele ya nyumba. Mimi nadhani sehemu yenye uzito inaanza mahali pengine kabisa, Ufaransa, kwa watu wawili ambao wengi wetu hatujawahi kusikia majina yao.

Ndugu Bruno na Dominique Legaignoux walikuwa mabaharia wa mkoa wa Brittany. Kitu kilichowasumbua kinaeleweka hata kwa mtoto anayerusha tiara ufukweni: ikiangukia majini, imekufa. Kitambaa kinalowa, kinazama, nyuzi zinajifunga, na wewe uliye katikati ya bahari huna la kufanya ila kuogelea. Novemba 1984 walisajili hataza ya jawabu lao. Walitia mirija ya hewa kwenye ukingo wa mbele wa tiara na kwenye mbavu zake, ikajazwa kwa pampu ya mkono. Tiara sasa ikawa na umbo la upinde lisilobomoka, na ikianguka inaelea. Unavuta nyuzi, inageuka, inanyanyuka tena.

Ukitazama leo unaona ni jambo la wazi. Wakati ule hakuna aliyelitaka. Biashara ya mbao za tanga ilikuwa imechanua, na kampuni inayouza sana huwa haina haraka na kitu kitakachoiua bidhaa yake. Kiswahili kina neno kubisha: ni kugonga mlango wa mtu, ni kukataa kauli yake, na kwa mabaharia ni kukipeleka chombo joshini, kukata huku na huku kuelekea upepo unakotoka. Ndugu hawa walifanya yote matatu kwa zaidi ya miaka 10. Ilikuwa 1997 ndipo walipoanza kuuza tiara zao kwa watu wa mbao, kwa jina la Wipika.

Hawakuwa peke yao. Marekani, baba na mwana, Bill na Cory Roeseler, walikuwa na chombo chao walichokiita KiteSki. Mfaransa mwingine, Manu Bertin, alizipeleka tiara za Legaignoux hadi Maui, Hawaii, ambako akina Laird Hamilton walianza kuzijaribu. Na Maui ndipo alipokuwa Naish. Kwa hiyo alipoingia, mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa tabu na watu wengine.

Je, tumwite mdandiaji? Hapana, hiyo itakuwa kumwonea. Kampuni yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupata leseni ya hataza ya ndugu hao, na kampuni hiyo ilibeba jina lake mwenyewe. Angeweza kufanya kama wakubwa wengine wa ubao wa tanga, kuucheka mchezo mpya kutoka ufukweni. Badala yake aliweka heshima ya miaka 22 mezani. Mgeni akianguka mbele ya watu ni kawaida; bingwa akianguka, picha inasambaa. Tena alileta kitu ambacho hataza haiwezi kuleta: imani. Mnunuzi aliyekuwa na mashaka aliona jina la Naish kwenye kitambaa akasema, basi, kama ni yeye, si mchezo wa wendawazimu.

Ila imani hiyo ilikuwa na gharama, na hapa ndipo simulizi za mashujaa hupenda kuruka ukurasa. Tiara za mwanzo hazikuwa na namna nzuri ya kuachia nguvu. Dhoruba ikija ghafla, mchezaji aliyefungwa kiunoni aliburutwa tu, majini, mchangani, kwenye mawe. Mwaka 2002 Silke Gorldt, mchezaji wa kulipwa wa Ujerumani, alikufa akiwa mashindanoni. Picha za watu wakipaa zilikuwa zimeuza mchezo kwa kasi kuliko ujuzi wa kuudhibiti.

Na nani alirudi karakanani? Bruno Legaignoux yuleyule. Mwaka 2005 ikatoka tiara ya muundo wa upinde ulionyooka zaidi, ambayo mchezaji akisukuma fimbo mbele inaachia karibu nguvu yote. Hakuna kombe la kazi ya namna hiyo. Hakuna anayepiga picha ya ajali ambayo haikutokea.

Kwa hiyo nikisoma wasifu wa bingwa yeyote siku hizi, natafuta watu wa aina ya Legaignoux pembezoni mwa ukurasa. Lengo si kumshusha bingwa. Naish aliendelea kucheza akiwa na miaka zaidi ya 50, na filamu ya Joe Berlinger, The Longest Wave, inamwonyesha hata kipindi alichovunjika nyonga. Ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini wasifu unaosema alishinda kwa sababu ana kipaji unatuficha swali gumu: alishinda kwa kutumia nini, na aliyekitengeneza kitu hicho aliishije miaka yote ambayo hakuna aliyemfungulia?

Mwaka 2024 kaitibodi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mbio zikafanyika Marseille, Ufaransa, nchi ya ndugu hao. Valentin Bontus wa Austria na Ellie Aldridge wa Uingereza wakabeba dhahabu. Tiara zilizotumika hazikuwa na mirija ya kujazwa kwa pampu. Ni za aina nyingine, zinazojazwa na upepo wenyewe, nyepesi na zenye kasi zaidi. Hata mvumbuzi hupitwa.

Lakini nenda Paje, Zanzibar, wakati wa kaskazi au kusi, mahali ambapo tiara za wageni zinapita jirani na mashamba ya mwani ya akina mama. Utawakuta vijana wa pale, wengine walimu wa mchezo huu, wameinama mchangani wanapiga pampu. Nyingi ya tiara wanazozijaza, chapa iwe ya nani, bado zina ile mirija ya mwaka 1984.