Mstari wa Nyuzi 45 na Kijiwe cha Sikioni mwa Jodari

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ICCAT, tume ya kimataifa inayosimamia uvuvi wa jodari wa Atlantiki, iliigawa bahari hiyo kwa mstari unaofuata nyuzi 45 za longitudo ya magharibi. Jodari wa jamii ya Thunnus thynnus akivuliwa mashariki ya mstari huhesabiwa wa kundi linalozaa Mediterania. Akivuliwa magharibi, wa kundi linalozaa Ghuba ya Meksiko. Kundi la mashariki ni kubwa zaidi kwa mbali, na kila upande una mgao wake wa uvuvi. Makala hii inadai kwamba mstari huo uligawa maji, haukugawa samaki, na kwamba shahidi mzuri wa jambo hilo yumo ndani ya fuvu la jodari mwenyewe.

Shahidi huyo ni otolithi, kijiwe cha sikio la ndani. Samaki wenye mifupa wana jozi tatu za vijiwe hivyo, vinavyowasaidia kusikia na kujua wameelekea juu au chini. Wengi huviita mifupa ya sikio, lakini si mifupa. Ni kalsiamu kaboneti, kwa kawaida ya aina ya aragoniti, inayojengeka tabaka juu ya tabaka kwenye kiunzi cha protini. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kuwa tabaka hizo huweza kuongezeka kila siku. Mifupa na magamba huweza kuliwa na mwili wakati wa njaa. Kilichokwisha kujengwa katika otolithi hakiguswi tena. Kila tabaka hunasa kiasi kidogo cha yale yaliyomo majini siku hiyo, kama strontiamu, bariamu na isotopi za oksijeni. Kwa hiyo kitovu cha kijiwe kimebeba alama ya maji ya utotoni, hata kama samaki amekwisha kuvuka bahari mara nyingi.

Kwa jodari wa Atlantiki, oksijeni ndiyo iliyosema zaidi. Mediterania hupoteza maji mengi kwa mvuke kuliko inayopata kutokana na mvua na mito, na oksijeni nyepesi ndiyo hutangulia kuondoka. Maji yanayobaki huwa na oksijeni-18, ile nzito, kwa wingi. Ghuba ya Meksiko hupokea maji ya mto Mississippi, tena ina joto, na joto lenyewe hupunguza kiasi cha oksijeni-18 kinachoingia katika aragoniti. Chumvi na joto vinavuta upande mmoja, ndiyo maana tofauti inaonekana waziwazi.

Mwaka 2008 Jay Rooker na wenzake walichapisha katika jarida la Science vipimo vya unga uliochongwa kwenye vitovu vya vijiwe. Jodari wakubwa waliovuliwa Mediterania walikuwa wazaliwa wa huko kwa asilimia 95.8, wa Ghuba ya Meksiko, kwa asilimia 99.3. Wakati wa kuzaa ukifika, karibu kila mmoja hurudi kwao. Lakini kwenye malisho ya pwani ya mashariki ya Marekani, zaidi ya nusu ya jodari ambao hawajapevuka walikuwa wamezaliwa Mediterania. Samaki hao walihesabiwa katika mgao wa magharibi. Uvuvi wa huko ulikuwa ukibebwa na watoto wa bahari nyingine, na udhaifu wa kundi dogo ukabaki umefichika nyuma ya wingi wao.

Hata hivyo, kijiwe hujibu kile tu kilichoulizwa. Mtafiti hukilinganisha na sampuli za samaki wachanga kutoka mazalio yanayojulikana, na kila samaki hupangwa katika mojawapo. Mwaka 2016 ikachapishwa taarifa ya mabuu wa jodari katika maji yaliyo kati ya mkondo wa Gulf Stream na pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Aliyezaliwa hapo angeandikwa wa wapi? Swali hili haliivunji mbinu, ila linadai isiachwe peke yake: jenetiki na vitambulisho vya kielektroniki viwe kando yake. Mwaka 2022 ICCAT ilipitisha utaratibu wa kukadiria migao unaozingatia kuchanganyika kwa makundi hayo mawili. Mstari wa nyuzi 45 bado upo.

Bahari ya Hindi ina swali lake. Tume yake ya jodari, IOTC, yenye makao Victoria, Shelisheli, hutathmini jodari wa mapezi ya njano wa bahari nzima kama kundi moja. Hata hivyo maji yake hayafanani: wakati wa kusi, maji baridi ya kina hupanda pwani ya Somalia, na maji ya kina huwa na bariamu nyingi kuliko ya juu. Kujua kama tofauti hizo zinasomeka katika vijiwe kunahitaji jodari wachanga kutoka kila zalio, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa alama ya maji hubadilika. Kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye madiko ya Kenya na Tanzania, kwa kutoa vijiwe, kuviosha, kuvikausha na kuviandikia tarehe na mahali pa uvuvi, kabla vichwa havijaenda kwenye supu.